Siku uliyogundua kwamba mkoa wenu ni maskini: watu wa Kigoma na Tabora tupeane uzoefu

MwishoWaReli
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilipanda SGR kutoka Dar kwenda Dodoma. Nimekaa, nimenunua maji, nimesinzia kidogo, nafumbua macho tumefika. Watu wakashuka na mabegi yao ya kuburuta, mimi nikabaki nimeganda kwenye kiti. Kilichonijia ni mwaka 2003, naenda kuanza kidato cha tano Morogoro. Daraja la tatu kutoka Kigoma, siku mbili, na nyingine ikaongezeka baada ya kichwa cha treni kufia Nguruka. Shuleni nilifika miguu imevimba, siwezi kuvaa viatu. Kijana wa kitanda cha juu yangu, mtoto wa Dar, akaniuliza, "Hivi kwenu ni Tanzania hii hii?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua. Ndiyo siku niliyojua.

Na wewe ulijua lini? Ndugu zetu wa Tabora karibuni, reli ni moja.

BintiKatonga
Mimi ni dagaa walionifungua macho. Nimekulia mwaloni Katonga, tunaanika mchangani, mvua ikinyesha siku mbili mnatupa au mnauza kwa bei ya kuokota. Mwenye gari akija ndiye anayetaja bei, kwa sababu anajua huna pa kuwapeleka. Mwaka wa kwanza nilipofika Dar nikapita Kariakoo, nikawaona wamepangwa kwenye visado, "dagaa wa Kigoma", nikauliza bei. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa namfikiria mama na mgongo wake.

Kasulu_Kwetu
Hapo kwenye kutaja bei umemaliza kila kitu dada.

Urambo_Halisi
Shikamooni wakubwa. Tabora na sisi tuna letu. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo. Mbolea na dawa unachukua kwa mkopo kupitia chama cha ushirika, unakata kuni, unakesha kwenye bani la kukaushia tumbaku unachochea moto, watoto wote wanafunga majani mpaka vidole vinakuwa vyeusi na chakula kinakuwa kichungu mdomoni. Halafu inakuja siku ya soko. Mteuzi anapita kwenye marobota, anashika jani, ananusa, anataja daraja, anasonga mbele. Dakika moja, kazi ya mwaka mzima imepewa jina.

Mwaka huo nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari. Marobota yetu mengi yakapewa daraja la chini. Wakakata mkopo, wakakata makato mengine ambayo baba hakuyaelewa mpaka anaingia kaburini, na karatasi aliyorudi nayo ikaonyesha kwamba sisi ndio tunadaiwa. Aliiweka chini ya taa ya chemli akaniita niisome, maana yeye alidhani ameisoma vibaya. Nilisoma mara tatu. Sikwenda sekondari mwaka ule, nilikwenda mwaka uliofuata baada ya mjomba kuuza ng'ombe.

Mwalimu_Kibosho
Poleni wote. Mtanisamehe, lakini niseme. Mwaka 2008 nilipangiwa kufundisha Kibondo. Ndugu zangu walilia kama nimefungwa jela. Nilikaa miaka sita na nilipendwa, siwezi kuwasema vibaya watu wale. Ila niliona jambo moja: mtu wa Kigoma akitoka ametoka. Kwetu Desemba hata mwenye kibanda cha kukaanga chipsi Dar anarudi Moshi na mifuko ya saruji. Mkoa unajengwa na wenyewe.

MjukuuWaManamba
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo umepotoka.

Babu yangu alitoka Kasulu kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Miaka ile ya arobaini wenye mashamba walikuwa na chombo chao kabisa cha kuchota watu, SILABU, kilianza 1944, na Buha, yaani huku kwetu Waha, ndiko walikokuwa wanachota. Wanapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mkoloni hakusahau kuleta zao la biashara Kigoma kwa bahati mbaya. Mtu mwenye kahawa yake nyumbani nani angemtoa akakate mkonge? Kwenu kahawa ikapandwa, KNCU, ushirika wenu wa kahawa, ikaandikishwa 1933, fedha ikazunguka humo humo mlimani, mkajenga shule. Kwetu waliobaki nyumbani ni wanawake, wazee na watoto. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kwa babu yangu ilikuwa ya kuondokea.

Hiyo saruji unayorudi nayo Desemba ina chanzo chake.

Mwalimu_Kibosho
Nimekuelewa kaka. Lakini mkoloni ameondoka 1961. Mpaka lini tutamlaumu?

MjukuuWaManamba
Basi tuje karibu. Makadirio yaliyotokana na utafiti wa serikali wa matumizi ya kaya wa 2011/12 yalionyesha karibu nusu ya watu wa Kigoma wako chini ya mstari wa umaskini. Utafiti wa 2017/18, maskini Dar walikuwa asilimia 8, Rukwa, huku huku magharibi, 45. Kibondo na Kasulu wamefikiwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Miaka yote hiyo ni jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe inasafirishwa nchi nzima ndipo ifike. Ungefungua kiwanda gani?

Urambo_Halisi
Tusigombane jamani, mada ni uzoefu.

BuhigweMpakani
Mimi nilijua dirishani, naomba kitambulisho. "Wewe si Mrundi?" Nikatoa cheti cha kuzaliwa. Akasema vyeti vinanunuliwa. Nikaambiwa nilete mzee wa kunitambua. Babu ana miaka themanini na kitu, tukapanda naye gari la asubuhi, na yeye akaulizwa kama si Mrundi. Babu alipiga kura ya kwanza ya nchi hii huyo kijana hajazaliwa hata mama yake. Kazi niliyokuwa naiombea kitambulisho ikapata mtu mwingine.

Kasulu_Kwetu
Hili la Urundi lianzishiwe uzi wake. Hautaisha.

Ujiji_Mwanga
Sikupanga kuandika. Nimesoma hapo juu habari ya treni.

Mwaka 2010 mama aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Kigoma wakatuambia anahitaji mionzi, na mionzi wakati ule ilikuwa Ocean Road tu, nchi nzima. Tuliuza shamba la michikichi aliloachiwa na baba yake. Kumpata mteja peke yake kulichukua miezi miwili, na huku damu inatoka.

Mafuriko yalikuwa yamebomoa reli kati ya Gulwe na Kilosa, treni inaishia Dodoma. Mama alikataa kwenda mikono mitupu kwa kaka yake Mbagala, akabeba kidumu cha mawese. Usiku, baada ya Kaliua, kifuniko kikaachia, mafuta yakamwagikia kanga ya mama mmoja wa Kinyamwezi. Mama yangu alilia kuomba radhi. Yule mama akamwambia, "Dada, kanga itafuliwa, wewe lala." Akamwekea kichwa mapajani mpaka Tabora. Sijui jina lake. Kama yupo hai Mungu amlipe.

Dodoma nilimshusha mama nimembeba mgongoni, nikampandisha basi. Alikuwa mwepesi, nilikuwa nimezoea kubeba ndoo nzito kuliko yeye. Daktari alipompima aliniuliza kwa upole tu, mlikuwa wapi? Sikuwa na la kujibu. Tulikuwa Kigoma.

Alipata mionzi, alipata nafuu kidogo, akafariki mwezi wa sita. Gari la kumrudisha nyumbani, bei tuliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko tuliyouzia shamba. Tukamzika Mbagala. Baba alifuata maziko kwa simu, imewekwa spika, mjomba ameishika juu ya kaburi. Ujiji wakaswali swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali.

Kwa hiyo mimi nilijua siku hiyo.

MwishoWaReli
Dada yangu. Sina neno. Allah amrehemu.

BintiKatonga
Nimeacha kuosha vyombo. Pole sana.

Mwalimu_Kibosho
Pole sana dada. Nimefuta nilichokuwa naandika.

Sheha_wa_Gungu
Innalillahi. Dada usijilaumu, kwa sharia ya dini maiti kuzikwa alipofia ndiyo bora, hakuna dhambi wala upungufu. Wala usifikirie kumhamisha.

MjukuuWaManamba
Sheikh, hajauliza fatwa. Anasema hawakuwa na uwezo wa kuchagua.

Sheha_wa_Gungu
Nami sijamlaumu, namliwaza. Kila mtu anafariji kwa alichonacho.

Kasulu_Kwetu
Wekeni bima ya afya jamani, hata ya kikundi. Mimi imeniokoa.

Tabora_Ng'ambo
Bima haikulipii nauli wala kukulisha Dar wiki tano. Ushauri wangu: ukipata chochote, nunua kiwanja Dar au Dodoma, watoto wawe karibu na huduma.

BintiKatonga
Tukihama wote nani atabaki na wazee? Mimi nimerudi. Nanunua dagaa kwa kina mama, nakausha kwenye vichanja siyo mchangani, napeleka mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipata hasara, wa pili nikajilipa.

Tabora_Ng'ambo
Mtaji ulitoa wapi?

BintiKatonga
Mume alikubali tuuze pikipiki. Usimwambie mtu auze kama hana pa kuegemea.

RangiTatu_Mkazi
Ujiji_Mwanga, mimi mzaliwa wa Uvinza, naishi Mbagala Rangi Tatu. Kama kaburi la mama halina wa kulisafisha, nielekeze. Ijumaa huwa sina kazi.

Ujiji_Mwanga
Mjomba alifariki 2019, tangu hapo nakwenda mwenyewe kila nikipata nauli, mwaka jana sikupata. Lina kibao cha mbao, rangi ya kijani, sijui kama bado kipo. Nakutumia maelekezo pembeni. Ahsante kaka.

NgurukaStesheni
Nimechelewa uzi. Mleta mada, hicho kichwa kilichokufa 2003 nakikumbuka. Nilikuwa na miaka tisa, mama yangu ndiye alikuwa anauza viazi na samaki wa Malagarasi pale. Alipika mara tatu siku ile, na jioni akatununulia daftari.