T3 ya kulala ndani, moteri imekufa. Ninunue ao niache?

Mpiga Picha wa Katuba
Jambo bakubwa. Kuna Volkswagen T3 imesimama uani mwa nyumba moja huko Golf, hapa Lubumbashi, ile yenye paa la kuinuka, kitanda, sinki na jiko la gesi la mafiga mawili. Usukani kushoto. Anayeiuza anasema iliachwa na wasafiri Wazungu waliokuwa wanashuka kwenda Cape Town. Moteri ni ya esansi (petroli), lita 2.1. Ilichemka njiani kutoka Kolwezi na haijawaka tena. Anataka dola 2,500.

Kazi yangu ni picha za arusi. Bibi arusi angebadilishia nguo humo, na siku zisizo na kazi ningepeleka watoto kulala karibu na maporomoko ya Lofoi, maana wamechoka kusimuliwa. Mke wangu ameisha kuniuliza kama nanunua gari ao kibanda cha kuku.

Fundi wa mtaani kwetu anasema tutoe hiyo moteri tutie ya HiAce, piesi zake ziko kila kona. Kuna mtu ameisha kufanya hivyo?

Yaya Mado
Mudogo yangu, moteri njo ya mwisho. Anza na karatasi. Gari ya mutalii inaingiaka bila kulipa ushuru, kwa ahadi ya kutoka tena. Kama haikutoka, ule muzungu ameisha kwenda lakini deni ya DGDA, watu ya ushuru, imebakia na gari. Omba kuona kati rozi, karatasi ya kuandikisha gari, kwa jina ya ule anakuuzisha. Kama hana, usitoe hata franka.

Esansi Kidogo
HiAce sijui. Ila VW ina moteri yake ya mazutu (dizeli), lita 1.6. Haina mambo mengi ya umeme na inakunywa kidogo. Tafuta hiyo, kaka, ulale usingizi.

Mzee wa Garaji, Kamalondo
Kijana, ya HiAce sahau. Kwenye HiAce moteri inakaa mbele, chini ya viti, na inazungusha magurudumu ya nyuma kwa shafti ndefu. T3 ni kinyume: moteri iko nyuma kabisa, bwati (giaboksi) iko mbele yake, na yote yamelazwa chini ili kifuniko cha juu kiwe sakafu. Kitanda chako kinalalia hapo. Huyo fundi atakata kifuniko, atakata na kitanda, kisha atakupigia simu kwamba bwati haikubali.

Mazutu ya 1.6 inaingia, VW wenyewe waliiweka humo. Lakini isiyo na turbo ina nguvu za farasi 50, na gari yako imebeba kabati, jiko, maji na watoto. Kwenye barabara ya Likasi, na yale malori ya shaba, utampita nani? Esansi Kidogo atalala usingizi, wewe utakula moshi.

Ukiamua kubadilisha, tazama Afrika Kusini. Ujerumani ilihamia T4 tangu 1990, lakini kule waliendelea kuunda T3 mpaka 2002, na za mwisho zilikuwa na moteri ya silinda 5 ya ukoo wa Audi. Hiyo ina nguvu. Ila usinunue moteri tupu! Ndani ya T3 inakaa imeinamishwa, kwa hiyo karteri yake, lile bakuli la mafuta chini ya moteri, si ile ya Audi ya kawaida. Unataka moteri pamoja na karteri ya T3, vishikizo vyake, nyaya zote na kompyuta yake, vitoke kwenye gari moja, vipite mpaka wa Kasumbalesa mara moja. Ukileta kimoja kimoja utalipa mpakani mpaka ukome.

Sasa, kabla ya hayo yote, tafuta kilichoiua ile 2.1. Radiyeta ya T3 iko puani na moteri iko mkiani. Maji yanasafiri chini ya gari kwa mabomba mawili marefu. Hewa ikibaki humo, yanachemka. Kuitoa, unainua pua ya gari na kufungua skurubu ya radiyeta moteri ikiwa inazunguka. Wangapi hapa mjini wanajua hilo? Halafu kulasi, vile vichwa vya moteri, ni za aluminiamu, zinataka antijeli, dawa ya kuzuia maji yasigande. Watu wetu wanasema, antijeli ya nini, Lubumbashi kuna theluji? Wanajaza maji ya robine. Kumbe ile dawa inazuia kutu pia. Maji matupu yanakula kulasi pale inapokutana na mpira wake, na vyuma vinavyoishikilia vinapita ndani ya maji hayo hayo, vinaoza navyo. Funga moteri mpya juu ya radiyeta iliyoziba, utaizika nayo kabla ya mwaka.

Nenda chomoa kijiti cha mafuta. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha tia spana kwenye puli ya moteri, izungushe kwa mkono. Ikikubali, usiitupe kabla ya kuifungua. Na uchungulie sakafu chini ya sinki.

Mpiga Picha wa Katuba
Aksanti Mzee, aksanti Yaya. Nimerudi Golf na tochi. Mafuta ni chai ya maziwa kabisa. Moteri inazunguka, kwa shida. Sakafu ni nzima. Kutu iko kwenye maungio ya nje, juu ya gurudumu la nyuma.

Kati rozi hakuna. Amenionyesha barua ya mkono, kwa Kiingereza, na saini mbili. Nimemwambia amalize ushuru kwanza, na kwa moteri hiyo sipiti 1,200. Amekasirika, kisha jioni ameniandikia kwamba ataenda kuuliza. Akimaliza, Mzee, nikuletee gari kwa kamba?

Yaya Mado
Ataenda kuuliza, ao ataenda kulipa? Ngojea kwitansi, na namba ya chasi ikuwe juu yake.

Mzee wa Garaji, Kamalondo
Kwa kamba hapana. Moteri ikiwa imezimwa breki inakuwa nzito, na gari iliyosimama hivyo pengine haina breki kabisa. Panga lori.