Nimepigwa dola 450 na "mwalimu" wa GED na ASVAB, na ni mtu wetu kabisa

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa nimetoka shifti ya usiku kiwanda cha nyama, vidole bado vina baridi, kwa hiyo mnivumilie ukali.

Niko Texas. Nilifika na miaka 20 kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, shule nimesoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, Kiingereza cha kuombea maji. High school wakasema umri umepita. Nia yangu ni jeshi, green card ninayo. Ikabaki njia ya wengi wetu: GED kwanza, yaani mtihani wa cheti mbadala cha high school, ASVAB baadaye, yaani mtihani wa kuingilia jeshi la Marekani.

Ndipo akatokea mwalimu. Kiswahili safi, anasali na mama yangu. "Kifurushi cha mitihani yote miwili, uhakika", dola 450. Hiyo ni ovataimu yangu ya mwezi mzima. Nikatoa.

Kifurushi chenyewe: grupu la WhatsApp, PDF tatu za "maswali yaliyotoka", na sauti za dakika mbili mbili anazorekodi akiwa barabarani, unasikia kabisa indiketa inalia.

GED akasema hesabu ndiyo itatubeba, tukazane huko. Kumbe masomo yako manne na kila moja linasimama peke yake, unatakiwa 145 katika kila moja, hakuna kufidiana. Mimi hesabu 158, lugha 139. Na mtihani wenyewe uko kwa Kiingereza au Kihispania tu, kwa hiyo Kifaransa changu nikakiweka mfukoni. Kuna jaribio rasmi la GED Ready, la dola chache tu, linalokuonyesha kama uko tayari. Hakulitaja hata siku moja. Nikalipia lugha upya, nikapita kwa msaada wa mama mmoja anayefundisha kituo cha elimu ya watu wazima. BURE. Bure wakuu! Kituo kiko dakika kumi kutoka kwangu, na mwalimu wetu anapita mbele yake kila siku.

Sasa ASVAB. Bwana huyu alitufundisha "swali gumu liruke, utarudi". Nimekaa mbele ya kompyuta pale, hakuna kurudi! Unapewa swali moja, ukishajibu limekwenda, na linalofuata linachaguliwa kwa kuangalia ulivyojibu. Ukipata, linakuja gumu zaidi. Kama mimi na jirani yangu hatuletewi maswali yaleyale, hizo PDF za "yaliyotoka" zilitoka wapi?

Kalkuleta nayo. Kwenye GED ipo kwenye skrini kwa sehemu kubwa ya hesabu, akatuzoesha kuibonyeza hata kwa saba mara nane. ASVAB hakuna, ni karatasi na mkono wako. Kambini nilikuwa nagawanya namba ndefu bila wasiwasi. Miezi sita ya huyu bwana imenifanya kilaza.

Yote hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni hili: alama ya kuingilia, AFQT, inatoka sehemu nne. Mbili za hesabu, na mbili za Kiingereza, yaani maana za maneno na ufahamu. Hizo za Kiingereza zinaunganishwa, halafu zinahesabiwa MARA MBILI. Nusu ya alama yako ni Kiingereza! Miezi sita hatukufundishwa neno hata moja. Na sisi tuliosoma Kifaransa kumbe tuna mtaji ambao hakuna aliyetuambia. Maneno marefu yanayotisha wenzetu tunayajua tayari, "abundant", "tranquil", ni ndugu wa Kifaransa. Yanayotumaliza ni yale mafupi, "shun", "bleak", "gaunt". Hayo ndiyo ya kukalia usiku.

Nikapata 38. Grupu likacheka, eti asilimia 38 umefeli. Jamani, si asilimia ya majibu! Ni kwamba umefikia au kuwapita 38 katika kila 100 ya vijana wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa Marekani mwaka 1997. Mwenye diploma ya high school anayetaka jeshi la nchi kavu, 31 inamtosha. Mimi mwenye GED, rikruta, yaani afisa anayeandikisha watu jeshini, kaniambia nilete 50. Mwalimu alikuwa ametuandikia "31 KWA WOTE", na vimoto vitatu pembeni.

Nilipomuuliza, akanitoa kwenye grupu. Nikipiga hapokei. Mama anasema nisimwaibishe mtu wa kanisani. Na nyie mtakaokuja na "si ungejisomea mwenyewe mkuu", sawa, nimesikia. Lakini mtu aliyeshuka ndege juzi anamwamini wa kwanza anayeongea lugha yake, na yeye duka kalifungua hapohapo. Nasikia kapokea wanafunzi wapya wiki hii.

Marudio ya kwanza yanaruhusiwa baada ya mwezi, ya pili mwezi tena, kuanzia hapo ni kusubiri miezi sita. Zimebaki siku 19. Mwenye nia ya kusomeana maneno jioni kwa simu aje PM, hata kama Kiingereza chake ni cha maji kama changu. PDF msiniombe.

Na wewe mwalimu, najua humu unapita. Nataka 450 yangu. Hata kwa mafungu napokea.