BME280 kwenye ESP32: I2C, SPI au nichukue DHT22?

BabaVifaranga: Wakuu, habari za jioni. Nataka kupima joto na unyevu kwenye banda la vifaranga. Ninayo ESP32 (bodi ndogo ya kuprogramu) na bodi ya sensa ya BME280 ya pini sita. ESP32 iko sebuleni, banda liko kama mita sita kutoka hapo. Kuunganisha sensa na ESP32, huku naambiwa nitumie waya za I2C, kule za SPI, na muuzaji ananisukumia DHT22, sensa nyingine ya joto na unyevu. Nifunge ipi?

solda_moto: I2C mkuu, usijisumbue. VCC kwenye 3V3, GND kwa GND, SDA (data) kwenye GPIO21, SCL (saa ya mawasiliano) kwenye GPIO22. Bodi za pini sita nyingi hazina regyuleta (ya kushusha volti), kwa hiyo 5V usiisogeze kabisa, chipu yenyewe mwisho wake ni 3.6V. CSB ipeleke 3V3 ili sensa itumie I2C. SDO ikienda GND anwani ya sensa ni 0x76, ikienda 3V3 ni 0x77. Usiiache ikining'inia.

Kisima_Data: Solda, hizo mita sita umeziona? I2C ilibuniwa kwa chipu zinazokaa bodi moja. Kikomo cha laini ni pikofaradi 400 (kipimo cha chaji ambayo waya hushikilia), na kebo ya urefu huo inaweza kukimaliza peke yake. Leo atapata namba, kesho sensa haijibu. Labda ashushe kasi na atie rezista ndogo zaidi za kuvuta juu (pull-up, kati ya laini na 3V3), lakini hiyo ni kubahatisha.

mama_bredibodi: SPI nayo si dawa ya umbali, tena waya zinakuwa sita. Mimi naitumia sensa zikizidi mbili, maana BME280 ina anwani mbili tu za I2C, ila kwenye SPI kila moja unaipa CS yake, yaani waya wa kuichagua. DHT22 itafika mita hizo ukiweka rezista ya 4.7k kati ya data na VCC. Inasoma kila sekunde mbili, na joto la banda halina haraka hiyo. Ila kwa banda lenye unyevu mwingi siipendi, huanza kudanganya mapema.

Kisima_Data: Kwani ESP32 si ina WiFi? Ipeleke bandani, uvute umeme wa 5V tu hadi pini ya VIN. Ukipungua kidogo njiani regyuleta ya ESP32 itavumilia. Sensa iwe na waya fupi, ila isigusane na ESP32, maana ile inatoa joto na namba zitapanda.

solda_moto: Yaani I2C ileile niliyosema 😂

BabaVifaranga: WiFi inafika bandani, simu hushika vizuri. Na vumbi la maranda?

mama_bredibodi: ESP32 ndani ya kasha, sensa nje ikitazama chini, na kile kitundu cha juu ya chipu usikipake kitu. Halafu kabla hujapanda ngazi, soma rejista 0xD0, inayotaja aina ya chipu. Ikirudisha 0x60 ni BME280. Ikirudisha 0x58 umeuziwa BMP280, haipimi unyevu, irudishe dukani.