Msaada: Akses pointi za Cisco zinatafuta kontrola ambayo sina

Binti_Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nimechukua akses pointi (vifaa vya kurusha waifai) tatu za mtumba, Cisco AIR-LAP1142N, za nyumba ya wageni ya mama mdogo hapa Mikindani. Aliyeniuzia alisema ni kuchomeka tu. Nimechomeka. Tangu juzi taa inaenda kijani, nyekundu, inazima, inaanza upya, na waifai haionekani. Nasikia zinasubiri kontrola, yaani kifaa cha kuziongoza. Sina, na hela ya kontrola sina. Nyumba ni ya zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe, rauta ya mapokezi haifiki hata chumba cha tatu. Na msimu wa korosho ndio huo, wageni wanakuja.

FundiWaya
Hiyo L ya LAP (Lightweight, inayotegemea kontrola) ndiyo inayokutesa. Programu iliyomo, yenye k9w8 kwenye jina, haifanyi kitu bila bosi, yaani kontrola. Weka ya k9w7, inajitegemea. Laptopu ipe IP 10.0.0.2, maski 255.255.255.0, washa seva ya TFTP (programu ya kutuma faili kwenye mtandao), faili liite c1140-k9w7-tar.default. Chomoa umeme, shikilia kitufe cha MODE, rudisha umeme bila kuachia. Sekunde 20 hadi 30 taa itakuwa nyekundu, hapo achia. Itajipa 10.0.0.1 na kuliita faili yenyewe. Faili omba kwa mwenye akaunti halali ya Cisco, tovuti za vichochoroni achana nazo.

Mzee_wa_Ndanda
Mnamchosha binti wa watu. Vifaa vizee hivyo, viraka vya usalama havipati tena. Anunue vipya alale.

FundiWaya
Shikamoo mzee. Hizi zimeshalipiwa. Ila kwenye usalama una hoja: kompyuta ya mapokezi isikae mtandao mmoja na wageni.

Binti_Mikindani
Nimejaribu mara nne. Nyekundu inakuja, naachia, TFTP kimya. Jaribio la tatu umeme ukakatika katikati, nikajua nimeiua.

Swichi_Lindi
Hujaiua dada, madhali nyekundu bado inakuja. Angalia mawili. Ukuta wa moto (firewall) wa Windows unaziba UDP 69, mlango wa TFTP, uzime kwa muda. La pili lilinila mchana mzima Nachingwea: Windows huficha mkia wa jina la faili. Wewe unaona .default, kumbe ni .default.tar. Ruhusu mikia ionekane, ufute hiyo .tar.

Binti_Mikindani
Ni hilohilo! Nimefuta .tar, faili likavutwa, ikajiwasha upya. Nimeingia kwa jina Cisco na nenosiri Cisco. Lakini waifai bado!

FundiWaya
Redio huja zimezimwa, na jina la mtandao halijawekwa. Badilisha kwanza hilo nenosiri, tengeneza SSID (ndilo hilo jina la mtandao), weka ulinzi wa WPA2, ndipo uwashe redio zote mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Zote tatu zitumie jina moja na nenosiri moja la waifai, ila kwenye 2.4 GHz chaneli ziwe 1, 6 na 11. 5 GHz kwa kuta hizo usiitegemee nje ya chumba ilimo.

Binti_Mikindani
Ya ngazini imeshika, mama mdogo yuko WhatsApp jikoni 😂 Swali la mwisho: ya tatu haina umeme, nina injekta (kifaa cha kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao) ya 24V ya antena ya paa. Nitumie?

Swichi_Lindi
Haitawaka. Tafuta ya 48V iliyoandikwa 802.3af, ndicho kiwango cha umeme wa waya wa mtandao kinachokubaliwa na hizo.