Vibua wa sokoni Rotterdam wana minyoo: ndimu na chumvi vinatosha?

BintiChumbageni:
Assalaam alaykum wandugu. Mimi mtu wa Tanga, naishi Rotterdam na mume na watoto. Leo nimenunua vibua wa huku, wazima, hawajagandishwa. Kuwapasua tu, nakuta juu ya ini na matumbo vijidude vyeupe vimejikunja duara. Kimoja nimekitoa kwa ncha ya kisu nikakitia kwenye maji ya chumvi, kikajinyoosha na kuanza kwenda!

Mume wangu anapenda sana heringi mbichi wa kibandani, yule wa kitunguu, na sasa anataka tutengeneze wenyewe kwa hawa vibua: chumvi, siki na ndimu, walale kwenye friji hadi kesho. Anasema ndimu inapika. Mama mkwe naye kwa simu kasema tule tu, kisha tumeze dawa ya minyoo. Watoto wanasubiri. Mwenye kujua anijibu, samaki bado wako kwenye barafu.

Msafiri_Antwerp:
Kaanga, dada. Hao kaanga wote, mambo ya mbichi waachie wenyeji.

MpasuaSamaki:
Waalaykumu ssalaam dada. Kazi yangu ni kupasua samaki kiwandani, hapa hapa Uholanzi, na hao uliowaona nakutana nao kila zamu. Wanaitwa Anisakis. Akinyooka anafika sentimita 2 hadi 3. Kwao hasa ni tumboni mwa nyangumi na pomboo, ndimo wanamokomaa na kutaga. Mayai hutoka na kinyesi, yakianguliwa baharini watoto wake wanaliwa na vikamba, vikamba wanaliwa na heringi, kibua au ngisi, na humo mnyoo anajikunja kumsubiri nyangumi. Sisi tukila kibichi tunajiingiza njiani.

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, ndimu haipiki. Inageuza nyama rangi tu. Mnyoo huyu anaishi kwenye matumbo yenye asidi, siki ya bakuli kwake si kitu, na chumvi ya usiku mmoja haimuui.

Na heringi wa kibandani asimlinganishe na hao. Ni mbichi kweli, lakini aligandishwa kwanza. Waholanzi wameyapata haya kwa maumivu. Mwaka 1960 mtafiti van Thiel na wenzake waliandika habari za watu walioshikwa na tumbo kali baada ya kula heringi wa chumvi kidogo, na mnyoo akakutwa ndani ya ukuta wa utumbo. Zamani wavuvi walimtoa heringi matumbo kule kule baharini. Walipoanza kumweka kwenye barafu na kuja kumpasulia bandarini, minyoo wakapata muda wa kuhama kutoka tumboni kuingia kwenye mnofu. Mwaka 1968 sheria ikalazimisha kugandisha, na ugonjwa ukakaribia kwisha nchini. Kwa hiyo wewe pia, ukinunua samaki mzima, mtoe matumbo ukifika tu nyumbani.

Usitegemee macho. Kazini tuna meza ya kioo yenye taa chini yake. Mnofu mweupe ukiulaza pale, mnyoo anaonekana kama kivuli. Mnofu wa kibua ni mweusi na una mafuta, taa haipenyi vizuri, tunampitisha mnyoo huku tunaangalia.

Kipimo cha sheria za Ulaya ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, na ubaridi huo ufike katikati ya nyama. Friza nyingi za nyumbani zimewekwa 18 na zinafunguliwa kila mara, kwa hiyo saa 24 zako si saa 24 za kiwandani. Wamarekani hata kwa nyuzi 20 wanataka siku 7. Hao wa leo wapike: moto ufike ndani, zaidi ya nyuzi 60, nyama iachane na mfupa.

Muuguzi_Mombasa:
Naongezea la hospitali. Mnyoo huyu akiingia hai, mara nyingi ni ndani ya saa chache: chembe ya moyo inakata vibaya, kichefuchefu, kutapika. Akishuka hadi kwenye utumbo, maumivu yanakuja baadaye na watu hudhani ni kidole tumbo. Mwambieni daktari mapema kwamba mlikula samaki mbichi, na lini, maana bila hilo utapewa dawa za vidonda vya tumbo urudi nyumbani. Kupima choo hakusaidii, kwa sababu ndani ya binadamu hakomai, hatagi. Tiba yenyewe ni kuingiza kamera mdomoni hadi tumboni na kumng'oa kwa koleo dogo. Mama mkwe ana nia njema, ila vidonge vya minyoo visiwe kinga ya kumla samaki mbichi.

BintiChumbageni:
Mungu awalipe. Nimemsomea mume, amekubali tuwatie nazi. Swali la mwisho: hao minyoo wakishapikwa, si bado tunawala?

MpasuaSamaki:
Aliyekufa hawezi kung'ata ukuta wa tumbo. Lakini wapo wenye mzio naye, wanavimba na kuwashwa hata akiwa amekufa. Ukimwona mtoto katoka vipele baada ya kula samaki wa bahari, asirudie mpaka apimwe mzio. Na kabla ya kutia nazi, kata ile nyama nyembamba ya tumboni uitupe, ndiko wanakojazana.