Pembe pungufu: ukimwangusha dume asiyeruhusiwa Pennsylvania, unafanyaje?

Mkaazi_wa_Erie
Wakuu, salaam. Swali kwa mnaowinda Pennsylvania, hasa huku Erie. Tuseme mtu ana leseni, yuko kwenye dungu mtini tangu alfajiri, anamwona dume wa kulungu mwenye ncha tatu kila pembe, anafyatua. Anashuka, anahesabu tena: ni tatu kweli. Halafu mwenzake anamwambia huyo si halali. Imekuwaje? Na kisheria anatakiwa amwache, amzike, au amfunge tagi (kile kikaratasi kinachotolewa na leseni) aende zake? Watu watatu wamenipa majibu matatu.

(Naandika "kulungu" kwa kuwa ndivyo tunavyomwita hapa. Najua Biblia inasema ayala, na kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine kabisa. Tusigombane.)

Darubini_Shingoni
Mwenzake yuko sahihi, na hili ndilo kosa linalowakamata wengi wanaohamia Erie kutoka Harrisburg au Lancaster.

Masharti ya ncha yalianza Pennsylvania mwaka 2002. Sehemu kubwa ya jimbo inataka ncha tatu kwenye pembe moja, basi. Lakini kanda za uwindaji za magharibi, yaani zenye namba 1A, 1B, 2A, 2B na 2D, zinataka tatu bila kuhesabu ncha ya paji, ile fupi ya kwanza inayochomoza karibu na kichwa. Erie ni upande huo.

Sasa mchukue huyo dume wa swali. Upande mmoja ana ncha ya paji, moja katikati, na kilele cha pembe kuu. Kule Lancaster ni tatu, halali. Hapa paji halihesabiwi, zinabaki mbili. Mnyama yuleyule, risasi ileile, hukumu tofauti. Namba ya kanda ndiyo ya kuijua kabla hata hujanunua risasi.

Ncha huhesabiwa ikiwa na urefu wa inchi 1 (sentimita 2.5) au zaidi kuanzia inapochomoza. Kilele cha pembe kuu huhesabiwa hata kikiwa kifupi. Vijana wenye leseni ya junior wana kipimo chao chepesi zaidi: ncha mbili, au pembe isiyo na tawi yenye inchi 3. Kwa hiyo ukimwona kijana wa jirani kamwangusha dume mdogo, usikurupuke kumripoti.

Kisu_Kikali
Nijibu la "afanyeje", maana saa inakimbia kuanzia mnyama anapoanguka.

Kwanza, hakikisha amekufa, ondoa risasi kwenye chemba. Usimburute mpaka karibu na gari kwanza. Tagi hujazwa kwa kalamu ya wino pale alipoangukia, kabla hajasogezwa, na hufungwa sikioni. Piga simu Pennsylvania Game Commission (tume ya wanyamapori ya jimbo) ukiwa papo hapo na useme wazi: nimepiga kimakosa, pembe hazitoshi. Fanya wanavyosema. Piga picha alipolala, pembe kutoka mbele na ubavuni, na ulipokuwa umekaa.

Pili, toa matumbo. Sheria yenyewe inadai hivyo, na ina mantiki: nyama ya mnyama aliyeachwa na matumbo huharibika, hasa siku za joto la Oktoba. Pasua ngozi ya tumbo kwa ncha ya kisu iliyoelekezwa juu, vidole viwili vikitangulia chini yake kuyasukuma matumbo. Ukitoboa kibofu au utumbo umeinajisi nyama ambayo huenda mtu mwingine angeila. Kichwa na pembe usiguse. Hizo ndizo ushahidi wako.

Tatu, mpeleke kwa afisa wa tume katika kaunti alikouawa, mara moja, isizidi saa 12. Utaandika maelezo chini ya kiapo: lini, wapi, namna gani. Ikikubalika kuwa ni bahati mbaya, fidia ni dola 25. Nyama usiihesabu kuwa yako mpaka afisa aamue.

Kumzika au kumwacha porini ni kosa la pili juu ya la kwanza, na hilo halina jina la "bahati mbaya".

Mpita_Njia
Dola 25? Kwa nyama ya kilo thelathini na zaidi? Mbona hiyo ni bei ya kumpiga yeyote halafu ukaenda kujieleza.

Kisu_Kikali
Hapana, ndugu. Nafuu hiyo ni kwa anayewinda kihalali katika kila jambo jingine: leseni yake, saa zinazoruhusiwa (nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama), na, wakati wa msimu wa bunduki, nguo ya rangi ya machungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Uliyempiga saa moja usiku ukasema "nilidhani", hujakosea, umevunja sheria. Na afisa hupima uzembe. Swali lake la kwanza huwa: ulihesabu kutoka umbali gani, kwa kutumia nini, mnyama amesimama au anakimbia? "Niliona pembe nikafyatua" ni kukiri uzembe kwa mdomo wako.

Mama_Leseni
Naongeza kwa wanafunzi na wengine wenye viza za muda. Sheria ya shirikisho haiwaruhusu kushika bunduki, isipokuwa mmoja wa misamaha ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Leseni ikifutwa kwa uzembe, unapoteza zaidi ya msimu wa kuwinda. Wenye green card hawamo kwenye katazo hilo, lakini kiapo cha uongo kinamhusu kila mtu.

Jingine la watu wa Erie: mpaka wa Ohio na wa New York uko karibu. Ukivuka jimbo na mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria, hata nusu yake kwenye kisanduku cha barafu, kesi inahamia kwenye Lacey Act, sheria ya shirikisho ya tangu 1900.

Na nikiri, kwa anayetoka Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku tangu 1977, mambo haya ya tagi na kanda ni elimu mpya kabisa. Usione haya kuuliza.

Darubini_Shingoni
Turudi kabla ya risasi, maana hapo ndipo kosa huzaliwa.

Usihesabu ncha kwa darubini ya bunduki. Ukishaielekeza, kidole kimeshakaribia na macho yanaona yanachotaka. Tumia darubini ya mkono, na hesabu mnyama akiwa amegeuka kidogo. Kutoka mbele, ncha za pembe mbili hupishana zikaonekana nyingi. Kijiti kilicho nyuma ya kichwa nacho huwa ncha ya bure. Subiri ageuze kichwa: kilichobaki pale pale ni kijiti. Kwa rula, tumia sikio lake, ambalo ni takriban inchi 6 kwa kulungu mzima. Pembe isiyofika nusu ya sikio haifiki inchi 3.

Kosa ambalo halitajwi sana: mnyama wa nyuma. Risasi ya bunduki ikipita kati ya mapafu hutoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu. Jike amesimama nyuma ya dume, wote wawili wanaanguka. Kama una tagi ya jike ya kanda hiyo hiyo, mtagi naye. Kama huna, ni ile simu na zile saa 12. Ukiwaona wawili wamepangana, shusha bunduki, usifyatue.

Na dume mchanga ambaye pembe zake bado ni vinundu chini ya ngozi? Kisheria huyo huingia kwenye tagi ya asiye na pembe, kwa hiyo si kosa la sheria. Ni kosa la macho tu. Kichwa chake ni kifupi na bapa kati ya masikio, cha jike mzima ni kirefu na kimeviringika. Mara nyingi ndiye anayejitokeza uwanjani peke yake wa kwanza, na mkubwa wa kumlinganisha naye hayupo. Subiri dakika chache.

Mkaazi_wa_Erie
Asanteni sana. Moja la mwisho: ncha iliyovunjika je? Zamani ilikuwa ndefu, sasa ni kisiki.

Darubini_Shingoni
Hupimwa iliyopo kichwani siku hiyo, si iliyokuwepo Septemba. Kisiki kikifika inchi 1 ni ncha. Kikipungua, si ncha. Kama kilichokatika ni kilele cha pembe kuu, pale ilipoishia ndipo kilele, kinahesabiwa. Ukiwa juu ya dungu na huwezi kusema kwa uhakika ni inchi moja au robo tatu, mwache apite.