Ulinganisho: mninga, plaiwudi au tabaka za gundi kwa skeitibodi za shuleni?

Mwalimu wa Ufundi (Arusha)
Habari zenu wanajukwaa. Nina wanafunzi 12 wanaotaka kujitengenezea skeitibodi, nami nimebaki na njia tatu: kuchonga ubao mmoja wa mninga, kukata plaiwudi ya milimita 12, au kugandisha tabaka nyembamba juu ya kalibu ili mkia upate mkunjo. Karakana yetu ina misumeno ya mkono, randa, keekee moja na jiliwa nne tu. Ningependa kusikia kutoka kwa aliyekwisha kushika gundi, si kwa aliyetazama video.

Seremala wa Keko
Mwalimu, mninga uuache kwa ajili ya vitanda. Nyuzi za ubao mmoja zote huelekea upande mmoja, kwa hiyo mpandaji akitua kwa kishindo ubao hupasuka kwa urefu, na ufa hupenda kuanzia kwenye matundu ya skrubu. Ndiyo sababu mbao za dukani hujengwa kwa tabaka 7 za mti wa mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, kila tabaka likiwa na unene wa karibu milimita 1.5, na kwa kawaida mawili kati yake hulazwa kwa kukingama. Plaiwudi nayo ina nyuzi zinazopishana, ila chagua ya marini (iliyotengenezwa kustahimili maji), kwa kuwa ile ya bei ya chini mara nyingi huficha mapengo katikati.

Jirani wa Kangemi
Naafikiana kuhusu mninga, lakini plaiwudi bapa haina mkia wa kukanyagia. Sisi tulilaza vinia (tabaka nyembamba sana za mbao) zilizopakwa gundi juu ya kalibu ya povu gumu, tukazitia katika mfuko wa plastiki, tukanyonya hewa kwa pampu ya mkono na kuziacha hadi kesho yake. Katika usawa wa bahari hewa hukandamiza kwa takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, na ubao wa sentimita 80 kwa 20 una sentimita za mraba 1,600. Huku Nairobi nguvu hiyo hupungua kwa karibu moja ya tano kwa sababu ya mwinuko, na Arusha mtatuzidi kidogo. Hata hivyo bado mnazungumzia zaidi ya tani moja iliyosambaa sawasawa, jambo ambalo jiliwa nne haziwezi. Kazi ngumu ni kupata vinia zenyewe.

Seremala wa Keko
Tumia basi plaiwudi za milimita 3, nne kwa pamoja, ukizifunga kwenye kalibu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mkia utapinda, mbonyeo wa pembeni (kingo za ubao kuinuka kidogo) usiutegemee, maana karatasi hizo hazikubali kupindwa pande mbili kwa mpigo.

Mtelezaji wa Kampala
Mnabishania mbao na kusahau magurudumu. Vijana wa California katika miaka ya 1950 walipigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza kwenye mbao, na mchezo ulibadilika kweli yalipokuja ya poliyurethani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ekseli, magurudumu na beringi nunueni, hata vilivyotumika. Magurudumu ya kipenyo cha milimita 52 hukwama kwenye kila kokoto. Kwa barabara zetu chukueni ya 60 au zaidi, yaliyo laini. Matundu ya kila ekseli ni manne, umbali wa milimita 41 kwa upana na 54 kwa urefu, na yakienda upande hata kidogo ubao hautanyooka kamwe.

Mwalimu wa Ufundi (Arusha)
Nashukuru. Tutaanza na plaiwudi ya marini: karatasi moja ya sentimita 244 kwa 122 inatoa mbao 18 tukikata kwa uangalifu, urefu wa ubao ukifuata urefu wa karatasi. Mkia tutaujaribu muhula ujao kwa njia ya tyubu. Zile 6 za ziada tutazipanda bila huruma hadi zivunjike, tuone zinaanzia wapi.